Jinsi ya kupima "sumaku" ya chembe za nano za dhahabu na fedha kwenye mwanga wa kawaida: mwongozo kamili kwa mwenye laptopu

Watu wakisikia chembe za metali zinaitikia sumaku ya mwanga, wengi wanang'oa sumaku ya spika mbovu wanaisogeza kwenye chupa ya dhahabu ya nano halafu wanasubiri ivutwe. Haivutwi leo wala kesho. Zinazovutwa ni chembe za oksaidi ya chuma na hiyo ni stori nyingine kabisa, sitaigusa hapa.

Hapa tunaongelea hivi. Mwanga ni wimbi lenye uga wa umeme na uga wa sumaku, vinaenda pamoja kila mahali, na kwa mwanga wa kijani wenye urefu wa wimbi wa nm 550 (nm ni nanomita, sehemu moja ya bilioni ya mita) hizo uga zinageuka huku na huku mara trilioni 545 hivi kwa sekunde. Swali ni je, chembe ya metali ikikutana na wimbi hilo inamsikiliza nani kati ya hao wawili? Jibu la kawaida ni umeme tu, sumaku haisikiki. Sababu ni kwamba nguvu ya sumaku juu ya elektroni inategemea spidi ya elektroni ukilinganisha na spidi ya mwanga, na ndani ya atomu uwiano huo ni kama 1 kwa 137, ukiupiga kipeo cha pili (maana sumaku inaingia mara mbili, kwenye kusukuma na kwenye kuitikia) unabaki na kitu kama 0.00005. Ndo maana wanafizikia Landau na Lifshitz waliandika kabisa kwenye kitabu chao kwamba ukishafika masafa ya mwanga, permiabiliti ya sumaku (kipimo cha jinsi kitu kinavyoitikia uga wa sumaku) inapoteza maana.

Sasa utamu ni kwamba kuna njia ya kuzunguka hiyo. Metali haibadilishwi hata kidogo, kinachobadilishwa ni mpangilio. Panga chembe zako kwenye pete, mkondo wa umeme uzunguke, na mkondo unaozunguka ni sumaku hata kama hakuna chuma popote. Mwongozo huu unakupeleka kutoka chembe moja ambayo ni bubu kwa sumaku mpaka pete ya chembe nne inayoitikia, na kila namba utaikokotoa mwenyewe.

Vitu vya kuwa navyo

Laptopu yoyote inayobeba Python, pamoja na numpy na scipy. Hesabu zenyewe ni ndogo sana, mashine ya RAM ya GB 4 inatosha na itabaki na nafasi. Karatasi na kalamu, tena hizi usizidharau maana hatua mbili ni za mkono. Uwe unajua namba changamano, yaani zile zenye sehemu halisi na sehemu dhahania, kwa kiwango cha kidato cha sita au mwaka wa kwanza chuo. Mwishoni kuna jaribio la leza, hilo fanya kama una maabara karibu, kama huna ruka tu.

Hatua ya 1: hesabu ya mkono kwa chembe moja

Gustav Mie mwaka 1908 alichapisha suluhisho kamili la mwanga kugonga mpira mmoja, kilichomsukuma ni hizohizo rangi za dhahabu iliyosagika ndani ya maji. Michael Faraday alikuwa ameshazitengeneza London miaka ya 1850 na kuzitolea mhadhara 1857, na baadhi ya chupa zake bado zimetunzwa pale Royal Institution. Alichofanya Mie ni kuugawa mtawanyo wa mwanga kwenye vipande: a1 ni dipoli ya umeme (chaji chanya upande mmoja, hasi upande wa pili), b1 ni dipoli ya sumaku (kama kisumaku chenye ncha mbili), a2 ni kwadrupoli ya umeme (yenye ncha nne), na kuendelea. Sisi tunawinda b1.

Kwa chembe ndogo kuliko urefu wa wimbi, fomula zinakuwa fupi hivi:

a1 ≈ −i (2x³/3) (m² − 1)/(m² + 2)

b1 ≈ −i (x⁵/45) (m² − 1)

Hapo x = 2π × n ya maji × R ÷ λ, ambapo R ni NUSU kipenyo (naandika kwa herufi kubwa kwa sababu, nitakwambia mbele), λ ni urefu wa wimbi, na m ni namba ya kupinda mwanga ya metali ukigawa kwa ile ya maji. Ya metali ni namba changamano, n + ik.

Kabla hujaweka namba ziangalie kwanza. a1 ina x kipeo cha 3, b1 ina x kipeo cha 5 tena imegawanywa kwa 45. Halafu chini ya a1 kuna m² + 2, ambayo inaweza kukaribia sifuri kwenye metali kwa sababu m² ya metali ni hasi, na hapo ndo inazaliwa ile rizonansi ya plazmoni (elektroni zote zikiyumba kwa pamoja na mwanga) inayofanya dhahabu iwe nyekundu. Chini ya b1 hakuna kitu cha hivyo. Yaani chembe ndogo ya metali ina rizonansi ya umeme ila ya sumaku haina kabisa, na hilo unaliona kwenye fomula tu kabla hujawasha mashine.

Sasa weka namba. Mpira wa dhahabu wenye kipenyo cha nm 20 ndani ya maji, mwanga wa nm 521. Dhahabu hapo ina n = 0.62 na k = 2.081. Maji chukua 1.33.

x = 2π × 1.33 × 10 ÷ 521 = 0.160
m = 0.466 + 1.565i
m² = −2.23 + 1.46i

Ukubwa wa a1 unatoka 0.0066. Ukubwa wa b1 unatoka 0.0000084. Gawanya: umeme unaizidi sumaku mara 790 hivi, na hiyo ni kwenye uga, kwenye nguvu ya mwanga unaotawanywa unapiga kipeo cha pili kwa hiyo ni zaidi ya mara laki 6. Hapo huhitaji mtu akueleze kwa nini vitabu vinasema sumaku ipuuzwe.

Mtu anaweza kuuliza, mbona kwenye mawimbi ya redio mpira wa metali unaitikia sumaku vizuri tu? Kweli, kwa mpira unaopitisha umeme kikamilifu dipoli ya sumaku ni nusu ya ile ya umeme, sio mchezo. Tofauti ni kwamba kwenye redio uga hauingii ndani ya metali, mkondo unakimbia juu ya ngozi na kuifukuza sumaku. Kwenye mwanga unaoonekana uga unazama: kwa fedha kwenye nm 550 kina cha kuzama ni nm 24 hivi (λ ÷ 2πk, fanya mwenyewe kwa k = 3.586). Mpira wako una nm 20 mzima mzima, kwa hiyo uga wa sumaku unapita katikati kama upepo kwenye wavu wa samaki.

Hatua ya 2: tafuta data za metali

Karibu kila mtu anatumia jedwali la Johnson na Christy la 1972, la shaba, fedha na dhahabu. Linapatikana bure kwenye refractiveindex.info, chagua Ag au Au, tafuta jina la Johnson, pakua faili la CSV. Ukitaka kuanza haraka bila kupakua, hizi za fedha zinatosha kwa kazi yetu:

nm 381.5: n 0.05, k 1.864
nm 397.4: n 0.05, k 2.070
nm 413.3: n 0.05, k 2.275
nm 430.5: n 0.04, k 2.462
nm 450.9: n 0.04, k 2.657
nm 495.9: n 0.05, k 3.093
nm 548.6: n 0.06, k 3.586

Angalizo: data hizo zilipimwa kwenye filamu nyembamba, sio kwenye chembe. Chembe ikishuka chini ya nm 10 hivi elektroni zinagonga ukuta kabla hazijamaliza safari yake ya kawaida (zinakimbia mita milioni 1.4 kwa sekunde kwenye fedha na dhahabu), upotevu unaongezeka na kilele kinatanuka. Kwa chembe za nm 40 ambazo ndo tutazitumia usijisumbue nalo sana.

Hatua ya 3: andika kodi

Kodi ya kompyuta, sio ile ya TRA. Hii hapa, ni fupi, nakili kama ilivyo:

import numpy as np
from scipy.special import spherical_jn as j, spherical_yn as y

def mie(n, x, m):
    z = m*x
    px = x*j(n, x)
    dpx = j(n, x) + x*j(n, x, True)
    pz = z*j(n, z)
    dpz = j(n, z) + z*j(n, z, True)
    xi = px + 1j*x*y(n, x)
    dxi = dpx + 1j*(y(n, x) + x*y(n, x, True))
    a = (m*pz*dpx - px*dpz)/(m*pz*dxi - xi*dpz)
    b = (pz*dpx - m*px*dpz)/(pz*dxi - m*xi*dpz)
    return a, b

Basi. Huo ndo mzigo wote wa Mie kwa mpira mmoja, hakuna makadirio ndani yake. Ukiita mie(1, x, m) unapata a1 na b1, ukiweka 2 unapata a2 na b2.

m iandikwe n + ik, alama ya kujumlisha. Kuna vitabu vya mainjinia vinaandika n − ik kwa sababu wamechagua mzunguko wa muda kinyume, ukichanganya mitindo miwili kwenye kodi moja chembe yako itaanza kuzalisha mwanga badala ya kuumeza. Dalili yake ni ufyonzaji kutoka hasi. Ukiona hasi usitafute falsafa, badilisha alama.

Hatua ya 4: ijaribu kabla hujaiamini

Hapa wengi wanaruka na hapa ndo mimi nilikula wiki nzima. Nilikuwa nimeingiza kipenyo mahali pa nusu kipenyo, grafu ikatoka nzuri kabisa, vilele safi, nikafurahi nikawaonyesha na wenzangu, kumbe kila chembe ni kubwa mara mbili ya nilivyosema na vilele vyote vimesogea kwenye nyekundu. Grafu haikwambii kwamba imekosea, inakaa tu hapo imependeza.

Majaribio matatu ya kufanya. La kwanza, weka m = 1: a na b zote lazima ziwe sifuri, maana chembe ya maji ndani ya maji haipo. La pili, weka x = 0.1604 na m = 0.466+1.565j, ukubwa wa a1 uwe kati ya 0.006 na 0.007 na wa b1 karibu 0.0000084, yaani ilingane na hesabu yako ya mkono. La tatu, kokotoa Qext, yaani kiasi chembe inavyozuia mwanga ukilinganisha na kivuli chake, = (2/x²) × 3 × sehemu halisi ya (a1 + b1), kwa chembe hiyohiyo unapaswa kupata kati ya 1.2 na 1.4.

La tatu likigoma na la pili likakubali, umesahau lile tatu la katikati. Linatoka kwenye (2n + 1).

Hatua ya 5: chora, halafu linganisha na silikoni

Chora ukubwa wa a1 na b1 kutoka nm 350 mpaka 800 kwa fedha na dhahabu, kipenyo 20, 40, 80, 120. Tumia skeli ya logi la sivyo b1 itakuwa mstari uliolala sakafuni. Utaona b1 inapanda haraka kadiri chembe inavyokua (kipeo cha 5 hicho) ila haina kilele chake, inapanda tu kama mlima usio na ncha.

Sasa badilisha metali weka mpira wa silikoni wa kipenyo cha nm 150 hewani, n karibu 3.94 kwenye nm 600, k ndogo sana. Karibu na nm 600 b1 inaruka juu inaipita a1 yenyewe! Hiyo ni kwa sababu urefu wa wimbi ndani ya silikoni (600 ÷ 3.94, kama nm 152) umelingana na kipenyo, uga wa umeme unazunguka ndani ya mpira kama maji kwenye kikombe ulichokoroga, na huo mzunguko ndo sumaku. Mwaka 2012 makundi mawili ya watafiti yalionyesha hili kwa macho kwenye mwanga unaoonekana, chembe za silikoni mojamoja chini ya hadubini zikiwaka rangi tofauti kulingana na ukubwa.

Nimekuletea silikoni kwa makusudi. Kinachotakiwa ni umeme uzunguke. Silikoni inauzungusha ndani ya tumbo lake, metali haiwezi kwa sababu uga haukai ndani yake vizuri, kwa hiyo metali tutailazimisha izungushe kutoka chembe hadi chembe.

Hatua ya 6: pete ya chembe nne, kwa mkono

Wazo la pete za chembe za plazmoni liliandikwa vizuri na Alù, Salandrino na Engheta mwaka 2006. Kabla yao watu walikuwa wanatumia pete zenye mwanya, zile alizopendekeza John Pendry na wenzake 1999 kwa mawimbi ya maikro, na kila mtu alikuwa anazipunguza ukubwa ili kuufukuzia mwanga. 2004 walifika masafa ya THz 100, 2005 wakakaribia infraredi ya nyaya za fiba, halafu zikagoma. Ukipunguza pete zaidi masafa hayapandi tena sawasawa, maana elektroni zina uzito na zinachelewa kugeuka. Chembe kwenye pete hazina tatizo hilo kwa namna ileile, rizonansi inatoka kwenye plazmoni ya chembe yenyewe ambayo tayari iko kwenye mwanga unaoonekana.

Chora mraba. Kila kona weka mpira wa fedha wa nusu kipenyo R = 20, mwanya kati ya majirani nm 5, kwa hiyo kutoka kitovu hadi kitovu d = 45. Sasa weka mshale wa dipoli kwenye kila mpira, mishale yote ikizunguka upande mmoja kama akina mama wanavyozunguka kwenye ngoma, kila mmoja anafuata mgongo wa aliye mbele.

Kila mpira unasikia uga wa wenzake. Jirani wa kulia anampa 1.5/d³, wa kushoto 1.5/d³, na wa kona ya mbali anampa 1/(1.414d)³ ambayo ni 0.354/d³. Jumla 3.354/d³. Rizonansi inatokea pale ambapo:

(ε + 2)/(ε − 1) = 3.354 × (R/d)³

ε hapo ni namba ya kupinda mwanga iliyopigwa kipeo cha pili, ya fedha ukigawa kwa ya maji (1.77). (20/45)³ ni 0.0878, upande wa kulia unakuwa 0.2945, ukitatua ε = −3.25, zidisha kwa 1.77 unapata −5.76. Rudi kwenye jedwali la hatua ya 2, n² − k² iwe −5.76, utaangukia kati ya nm 413 na 430, karibu nm 424. Chembe moja peke yake ilitaka −3.54, yaani nm 382 hivi. Kwa hiyo pete imeivuta rizonansi kutoka kwenye urujuani usioonekana vizuri mpaka kwenye zambarau-bluu inayoonekana, na hii rizonansi mpya ni ya SUMAKU. Jumlisha mishale yote minne uone, inakatana inakuwa sifuri, dipoli ya umeme imekufa na kilichobaki ni mzunguko.

Nguvu yake je? Mzunguko huu unarusha mwanga kama dipoli ya umeme yenye ukubwa wa kρ/2 ukilinganisha na chembe nne zilizolala sambamba, ambapo ρ ni umbali kutoka katikati ya pete hadi kitovu cha mpira, nm 31.8. Weka namba unapata 0.31. Theluthi moja! Mwanzo tulikuwa na moja kwa mia saba na tisini kwa chembe ya dhahabu peke yake. Sawa, kwenye uhalisia mishale haitakuwa na nguvu ileile kama sambamba maana mwanga unaisukuma kwa shida zaidi, lakini umeona tumetoka wapi.

Rudia kwa dhahabu. Inataka −5.76 hiyohiyo, unaipata karibu nm 548, kijani safi kabisa, unaweza kufurahi. Usifurahi haraka. Angalia upotevu, 2nk: kwa dhahabu pale ni 2 × 0.43 × 2.455 = 2.1, kwa fedha kwenye nm 430 ni 0.2. Dhahabu inapoteza mara kumi zaidi kwa sababu kuanzia kijani kwenda bluu elektroni zake za ndani nazo zinaanza kumeza mwanga. Pete ya dhahabu itaitikia ila kwa sauti ya mtu mwenye mafua. Kwa maoni yangu kama lengo ni sumaku kwenye mwanga unaoonekana, fedha ndo metali yako, dhahabu iache kwa wanaotaka nyekundu na infraredi au wanaoogopa fedha kuchakaa (na kweli inachakaa, salfa kidogo tu hewani inaipaka weusi).

Hatua ya 7: pete hiyohiyo kwenye kompyuta

Hesabu ya mkono imepuuza kwamba mwanga unachukua muda kutoka chembe moja hadi nyingine. Umbali wa kona kwa kona ni nm 64, kwenye maji hiyo ni kama nyuzi 72 za mzunguko wa wimbi, sio kidogo. Na ucheleweshaji huo ndo unaoiwasha pete: kama uga wa umeme ungekuwa sawa pande zote usingeweza kuzungusha kitu, ni kwa sababu upande huu uko juu na upande ule umeshaanza kushuka ndo mzunguko unapatikana.

Unatengeneza jedwali la 12 kwa 12, chembe nne mara pande tatu. Kila chembe ipe polaraizabiliti (urahisi wake wa kugeuzwa dipoli na uga) α = i 6π ε₀ε_maji a1/k³, a1 itoke kwenye ile kodi ya hatua ya 3 ili ucheleweshaji wa ndani ya chembe uwemo tayari, na k hapa ni 2π × 1.33 ÷ λ, usiichanganye na k ya metali. Uga wa dipoli p kwenye umbali r ni:

E = e^(ikr)/(4πε₀ε_maji) × [ (k²/r)(p − r̂(r̂·p)) + (1/r³ − ik/r²)(3r̂(r̂·p) − p) ]

Kisha mpe np.linalg.solve atatue p zote kwa pamoja. Ukishazipata, dipoli ya umeme ni jumla ya p, na dipoli ya sumaku ni −(iω/2) × jumla ya r × p ukihesabu r kutoka katikati ya pete (ω ni 2π × masafa ya mwanga). Chora zote mbili dhidi ya urefu wa wimbi.

Mwelekeo wa mwanga ndo unawaangusha watu wengi hapa. Ukileta mwanga kutoka juu ya pete moja kwa moja, uga wa sumaku unalala kwenye bapa la pete, haupiti kwenye tundu lake, na utapata sifuri kamili utadhani kodi imeharibika. Leta mwanga kwa ubavu, usafiri ndani ya bapa la pete na uga wa umeme pia uwe ndani ya bapa hilo, hapo sumaku inasimama wima inapenya tundu. Jaribu zote mbili, ile sifuri ni jaribio zuri kwamba kodi yako iko sawa.

Kilele utakachokipata kitakuwa kimesogea na kutanuka ukilinganisha na nm 424 ya mkono. Ukitaka kukisogeza zaidi kwenye nyekundu punguza mwanya: kwa nm 2 hesabu ya mkono inatoa ε ya −6.55, karibu nm 440. Lakini hapo dipoli peke yake haitoshi tena, chembe zikikaribiana hivyo kwadrupoli nazo zinaingia na rizonansi halisi inaenda nyekundu kuliko unavyokokotoa. Kwa mwanya mdogo kuliko nusu kipenyo ichukue hesabu hii kama dira na sio kipimo, hata ile nm 5 yetu imo humo.

Hatua ya 8: maabara, kwa wenye bahati

Kutengeneza chembe zenyewe sio kazi kubwa. Njia ya Turkevich ya 1951 bado inatumika hadi leo: chemsha maji yenye chumvi ya dhahabu, mimina sitreti, koroga, subiri rangi ipite kwenye weusi ije kwenye nyekundu ya mvinyo, unapata chembe za nm 15 hadi 20. Vyombo vioshwe hasa, uchafu kidogo tu chembe zinagandana na rangi inakuwa ya bluu.

Kuzipanga ndo kazi. Pete nzuri za mraba majini hazijipangi zenyewe kirahisi, kwa hiyo watu wanatumia chembe zenye umbo la rasiberi, lile tunda lenye vipunje vingi vilivyobanana: mpira wa plastiki au silika katikati, chembe ndogondogo za fedha au dhahabu zimebandikwa kote juu yake. Kila upande unaoangalia kuna pete, kwa hiyo hakuna shida ya mwelekeo. Mwaka 2013 kundi la Stanford lilitengeneza kimiminika cha namna hii kwa fedha na kikaonyesha sumaku ya mwanga yenye nguvu. Miaka mitatu kabla, 2010, kulikuwa na kazi ya Marekani kwenye jarida la Science ya chembe tatutatu zenye moyo wa silika na ganda la dhahabu, nazo zikatoa rizonansi ya sumaku ila kwenye infraredi.

Kupima unahitaji leza ya kijani, filamu ya polaraiza, chupa ya kioo ya mraba na kipokea mwanga. Weka leza iwe na uga wa umeme uliolala mezani, halafu weka kipokezi chako nyuzi 90 pembeni, mezani hapohapo, yaani ukiangalia kwa kufuata uelekeo wa uga wa umeme. Dipoli ya umeme hairushi mwanga kwenye mhimili wake, kwa hiyo kwa chembe za dhahabu za nm 20 hapo ni giza. Dipoli ya sumaku inarusha. Ukiona mwanga hapo, kuna kitu. Usichungulie kwa jicho, tumia kipokezi, na ile ncha ya leza iishie kwenye kitu cheusi kisichong'aa.

Ila nisikudanganye, sio kila mwanga wa pale ni sumaku. Kwadrupoli ya umeme nayo inafika palepale, na kwenye chembe moja ndogo ya metali a2 na b1 ni za daraja moja, zote x kipeo cha 5. Dawa yake ni kupima pembe nyingi, tuseme kila nyuzi 10 kutoka 30 hadi 150, halafu ulinganishe na ukubwa (uliopigwa kipeo cha pili) wa:

1.5 a1 cosθ + 1.5 b1 + 2.5 a2 cos2θ

b1 haibadiliki na pembe θ (inayopimwa kutoka uelekeo leza inakokwenda), a1 inabadilika kwa cosθ, a2 kwa cos2θ, kwa hiyo zinatenganishika kwa kulinganisha mchoro na vipimo. Punguza uzito wa kimiminika mpaka kiwe karibu kama maji matupu kabla hujapima, kwa sababu kikiwa kizito mwanga unagonga chembe ya kwanza, ya pili, ya tatu, unapoteza mwelekeo wake wa umeme njiani, na kipokezi chako kitakuonyesha mwanga mwingi tu ambao hauna uhusiano wowote na sumaku. Kipimo rahisi: zidisha maji mara mbili, mwanga ukishuka nusu kamili uko salama, ukishuka kwa kiasi kingine endelea kuongeza maji.